Fundi Aliyeonja Mchanga

Haya nnayowaeleza nyie wajukuu si ya karatasi, alinihadithia kwanza Bi Asya, mke wa marehemu, tukichambua karafuu barazani kwake hapa Ole, nami nimeyaweka kifuani mpaka leo tumekaa matangani.

Marehemu Haroub Msellem Kificho alizaliwa Ole, tarehe 3 Septemba 1964, karafuu ziko majamvini, akasoma hapahapa mpaka darasa la nane, kisha akafuata uashi kwa ami yake, akawa fundi wa kuaminiwa, hapangi tofali mpaka autie mchanga ulimini, ukiwa na chumvi anautema na kuukataa, maana chumvi inakula nondo. Mwaka 1989 akamuoa Asya binti Soud wa Msuka, wakajaaliwa Nadhira, Jabir na Rahila.

Mwaka 2017 serikali ikatoa kazi ya kujenga kituo cha afya Msuka, mkandarasi akalipwa fedha za mchanga wa shamba usio na chumvi, akaleta wa pwani, Haroub akauonja akautema, mkandarasi akamwambia, "Fundi, nimekuajiri ujenge, chakula utapewa mchana," watu wakacheka, naye akajibu taratibu, "Bosi, mke wangu wa hapa, wajukuu zangu watazaliwa humu." Asya alimsihi anyamaze, hakunyamaza, akapeleka habari kwa wazuia rushwa, mkandarasi naye akamzushia wizi wa saruji, akalala rumande siku nne, na alipotoka hakuna aliyempa kazi tena, ikambidi apande meli Mkoani akatafute riziki ng'ambo, Tanga.

Miaka mitano Asya alikaa na mwiko wa kujengea wa mumewe, kila Ijumaa anaupaka mafuta ya nazi usishike kutu, Haroub anapiga simu baada ya sala, "Mwiko wangu mzima?" naye anajibu, "Mzima kuliko mimi," wala hajui mumewe atarudi mtu safi au atafia ugenini na jina la mwizi.

Tarehe 14 Machi 2023 hukumu ya kesi ya mkandarasi ikatoka, Hudhaifa, dereva wa gari la mchanga, alikwisha kueleza mahakamani kila safari ya pwani, mkandarasi akafungwa na kuamriwa arejeshe fedha za serikali, na hakimu akatamka mbele ya watu kwamba Haroub hakuiba hata mfuko mmoja. Akarudi, kuta za kituo zikavunjwa, akasimamia ujenzi upya, lakini kifua kilikwisha kuliwa na vumbi la saruji, akalala kitandani tangu Novemba, akafariki hapa Ole tarehe 9 Februari 2025.

Sisi wanawake hatwendi mavani kuzika, basi Asya alimngoja Jabir mlangoni, akamuuliza jambo moja tu, kama ameuonja mchanga wa kaburi, Jabir akasema, "Nimeuonja, mama. Hauna chumvi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ole na Msuka, mafundi wenzake, na Hudhaifa, aliyesema kweli akakosa gari la kuendesha.

Haroub, Mungu akupumzishe pema, mwiko wako mzima. Na nyie wajukuu, yamekwisha, haya nendeni mkalale.