Shangazi wa Stoo na Safu ya Mahali

Leo, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi wa Stoo anazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mali ya kampuni hii. Si shangazi wa yeyote kati yetu kwa damu. Hata meneja, anayemzidi umri kwa miaka miwili, humwita hivyo, hasa anapokuwa amepoteza kitu.

Kampuni yetu hununua kwa jumla mali za maduka yanayofungwa na hoteli zinazobadili samani, kisha huziuza tena kwa mafungu. Shangazi alianza na madaftari. Kompyuta ilipoletwa, alihudhuria mafunzo ya siku mbili, akarudi akisema kuwa jedwali lile ni daftari tu lililofundishwa hesabu. Akafungua safu sita: Kitu, Idadi, Hali, Mahali, Tarehe ya Kuingia na Maoni.

Kwenye Hali aliruhusu majibu manne tu: Mpya, Kama Mpya, Kimeona Mengi, na Mungu Anajua. Kwenye Maoni hakujizuia. Saa arobaini za ukutani aliziandikia kwamba zote zinatembea ila hakuna mbili zinazokubaliana. Ofisa mauzo alilalamika kwamba anafukuziwa wateja. Wateja wenyewe wakaanza kuomba kusoma Maoni kabla ya bei, na mwaka uliofuata lilirudishwa birika moja tu la umeme, tena na mtu ambaye hakuwa amelichomeka.

Lakini sifa yake kubwa ni safu ya Mahali. Shangazi haamini namba. Aliandika "pale meneja alipokwama na ngazi", au "dereva anaposinzia baada ya kula". Meneja akaagiza rafu zote zipakwe namba kwa rangi nyekundu. Siku ya tatu alisikika akimuuliza Shangazi C4 iko wapi, naye akamjibu, kwa adabu zote, kuwa ni pale alipokwama na ngazi. Rangi ile bado ipo, na inapendeza.

Miaka tisa iliyopita aliajiriwa karani msaidizi, jina tunalihifadhi kwa sasa, mwenye cheti cha kompyuta alichokitia fremu na kukitundika juu ya meza. Ijumaa ya wiki yake ya kwanza aliona majina ya vitu hayafuati alfabeti, roho ikamuuma. Akachagua safu ya Kitu peke yake, akaipanga, akahifadhi, akaenda kunywa chai. Majina yalikaa vizuri. Safu nyingine tano hazikuambiwa, zikabaki zilipokuwa, na kila kitu stoo kikajikuta na makazi ya mwenzake. Wapakiaji nao hawafungui katoni, hufuata Mahali. Jumatatu, mwenye nyumba ya wageni aliyesubiri mablanketi mia na ishirini alipokea helmeti mia na ishirini. Alipiga simu kuuliza, kwa upole, kama wageni wake walale wamezivaa.

Meneja alitangaza kuwa aliyegusa jedwali angefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Karani akanywea. Shangazi akasema, "Kompyuta hii inaguswa na mkono wangu," akapokea barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote. Nakala ya akiba haikuwepo. Akiba ilikuwa kichwani mwake. Alikaa siku nne na mistari mia nane na kumi na mbili, akisoma Maoni moja baada ya jingine, maana aliyeandika kwamba droo ya pili haifunguki mpaka uibembeleze hawezi kusahau ni kabati gani. Ijumaa vyote vilikuwa vimerudi kwao.

Cheti kile kilishushwa zamani. Karani yule ni mimi ninayeandika haya, na ndimi ninayekabidhiwa stoo, nikiwa na hofu kuliko siku ya helmeti. Wiki iliyopita Shangazi alinitembeza rafu kwa rafu, akaniachia funguo. Nilipofungua jedwali nilikuta mstari mpya mwishoni. Kitu: Karani. Idadi: Mmoja. Hali: Kama Mpya. Mahali: kwenye kiti changu. Tarehe ya Kuingia: Jumatatu ya helmeti. Maoni: Alikosea mara moja, na kosa lake liko kwenye faili langu, lisimsumbue. Hauzwi.

Nililia, sifichi. Miaka tisa nimejificha kwenye kivuli cha mwanamke huyu na sijafungua mdomo.

Kwa hiyo, meneja, uliyekaa mbele na nakala ya hotuba hii mkononi, naomba barua ile itoke kwenye faili la Shangazi kabla ya saa kumi. Mstari wake nimeshauandaa. Kitu: Barua ya onyo. Idadi: Moja. Mahali: faili langu. Ukikataa, mkasa wa ngazi nitausoma kwa kirefu kabla keki ya kumuaga haijakatwa.

Shangazi, asante kwa kazi, kwa ukali na kwa ulimi wako. Tunakutakia mapumziko marefu, afya njema, na wajukuu wanaorudisha vitu walipovikuta. Unatoka na faili lako safi. Hali: Mpya.