Nikikwama, Msinimalizie

Ndugu zangu, kabla sijaanza nina ombi. Nikikwama katikati ya neno, msinimalizie. Najua mtatamani, kwa sababu mnanipenda, na wengine mna haraka ya kwenda kupika. Niacheni tu. Kama neno limo, litatoka.

Wengi mnanifahamu tangu nikiwa dalali. Kwa wageni niseme kidogo: nilizunguka minada ya ng'ombe kule bondeni Momba, nanadi mifugo ya watu, na mdomo ndio ulikuwa jembe langu. Mfugaji angeniletea fahali kilema, nikamsifia mpaka mwenyewe akasita kumuuza. Hapa Ihanda mke wangu alikuwa akisema hata usingizini napandisha bei.

Kisha asubuhi moja niliamka, upande wa kulia haupo. Mkono nauona pale kitandani, lakini si wangu. Nikataka kumwita mama watoto. Jina lake nalijua vizuri kichwani, mdomoni ikatoka sauti kama ya ndama. Kiharusi. Hospitali waliniokoa uhai, wakanifundisha kutembea na fimbo, wakasema maneno nayo yanataka mazoezi ya kila siku na uvumilivu. Tukarudi nyumbani.

Waliokuja kunipa pole walikuwa wengi, na kila aliyekuja alinimalizia. Nikianza "ma...", huyu anasema maji, yule anasema maumivu, mwingine keshaleta mafuta ya kuchua. Mama watoto, na hili nimemwomba ruhusa kulisema, alikuwa ananitafsiria kwa wageni: mzee anasema ana njaa. Mwaka ule nilikunywa uji mwingi sana ambao sikuuomba. Baada ya muda nikaacha kujaribu. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka hasa. Nikaamua moyoni kwamba yule mtu aliyekuwa akiongea amekufa, na huyu aliyebaki anangoja tu kumfuata.

Sasa msimu wa kahawa haumsubiri mgonjwa. Mama watoto ilibidi aende shamba, na aliogopa kuniacha peke yangu kwa sababu siku moja nilidondoka karibu na moto. Akamwomba mwalimu wa chekechea, hii ya hapa hapa kanisani, niwe nakaa barazani kwake ili awe ananitupia jicho. Mwalimu akasema barazani kuna baridi. Akaniingiza ndani, akanikalisha kwenye benchi karibu na dirisha, mjukuu wangu, naye anasoma pale, akiwa miguuni. Niliona aibu, mtu mzima na mvi zangu kupelekwa chekechea.

Sisi tukimtaja mwalimu wa chekechea tunasema anakaa na watoto. Mimi nilikuwamo mle tangu kahawa inachumwa mpaka mvua zikashika, na yule mama sikumwona amekaa hata siku moja. Chumba kimejaa. Wengine nyumbani wanasikia Kinyiha tu, mmoja wazazi wake ni wafugaji waliotoka bondeni, anajua Kisukuma peke yake. Mwingine mama yake anafanya biashara Tunduma, analia kila asubuhi. Huyu anayelia mwalimu hakumwambia nyamaza. Alimpa kazi ya kugawa vikombe vya uji, na mtoto akagawa huku analia, siku zikaenda, akagawa bila kulia. Aliwapa vizibo vya soda wavipange kwa rangi. Nikafikiri ni mchezo wa kupitisha muda, mpaka nilipoona kwamba anawatazama vidole. Ambaye kidole gumba hakijapata nguvu alimpa udongo afinyange. Kesho yake akaniwekea na mimi donge la udongo kwenye mkono wa kulia. Nikafinyanga ng'ombe. Walikuwa wabaya, hakuna mnada ungewapokea, lakini vidole vilianza kunitii.

Asubuhi aliita majina, na kila mtoto anaitika, "Nipo, mwalimu." Hapo ndipo nilipostaajabu kuliko kote. Kulikuwa na kabinti kageni kasikosema neno. Mwalimu akikaita, anasubiri. Wenzake wakisema yupo, anawaambia kwa upole kwamba hakuwauliza wao. Anasubiri huku anakatazama, utadhani hana kazi nyingine duniani, na watoto wote, wa miaka minne, mitano, wametulia wanasubiri naye. Mimi maisha yangu yote nimesimama mbele ya watu, sijawahi kuwatuliza namna ile. Kisha anaita jina linalofuata, bila kinyongo, na kesho atauliza tena.

Mwisho kabisa akaniita na mimi. Babu? Akasubiri. Nikatazama dirishani. Kesho akaita tena. Nilikasirika, nisiwafiche, nikadhani ananidhihaki. Lakini kila siku alisubiri kwa uso uleule, na kwa kweli hakubaki mtu mwingine aliyekuwa bado anangoja jibu kutoka kwangu. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha.

Asubuhi moja ya mvua kale kabinti kakaitwa, tukasubiri, na kakaitika. "Nipo." Mwalimu hakushangilia, akaita jina linalofuata. Akafika mwisho, akaniita. Nikafungua mdomo, ikatoka "ni", ikakwama. Jasho likanitoka. Watoto wote wamenigeukia, na hakuna aliyenimalizia, maana walishafundishwa. Nikasukuma tena.

"Nipo."

Mjukuu wangu akasema, "Mwalimu, babu amechelewa kuitika."

"Hajachelewa," mwalimu akamjibu. "Alikuwa njiani."

Akatuanzishia wimbo. Mimi nililia pale kwenye benchi, na yule mgawaji wa vikombe akaniletea uji. Huo niliutaka.

Baada ya hapo maneno yalirudi moja moja, mengine yakipitia kwenye nyimbo za watoto. Mnadani sijarudi, dalali wa polepole hana soko. Nawashukuru vijana walionibeba mpaka hospitali siku ile ya kiharusi, na hospitali yenyewe. Namshukuru mama watoto, ambaye siku hizi ananisubiri, ingawa namwona anavyojiuma midomo. Na wale watoto, walionipa nafasi kwenye benchi lao bila kuniuliza nimefuata nini.

Nililojifunza ni hili. Mwenye mtoto mzito wa kusema, au wa kushika, au wa kuelewa, usimfungie mlango. Yuko njiani. Na yule anayemngoja kila asubuhi mnayemwona anafuta kamasi za watoto wenu, mimi nimeiona kazi yake kwa macho yangu, na mpaka leo ninaiogopa kama mtu anavyoogopa kitu kikubwa.

Mzee wa kanisa ameangalia saa, nimemwona. Namalizia. Mwalimu hayumo humu ndani. Yuko nyuma ya ukuta huu na watoto wetu, ndiyo maana tumesali kwa utulivu. Tukitoka nitakwenda kumwambia neno langu, sijawahi kumwambia, na ni refu kidogo kwa mdomo huu. Ninyi tangulieni mkale. Yeye atanisubiri.