Jicho la Debra

Funga mlango, mke wangu Dorca, na hao wageni wangoje nje. Nyinyi wanangu wawili ketini hapa karibu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na hasira niliyo nayo ni nyingi.

Sydney, nimeambiwa umeshapaka jina lako kwenye mlango wa karakana yangu pale Kaloleni. Mimi bado napumua, bwana, na rangi yako imeshakauka. Ile mashine ya miling imechonga shafti za boti za Usenge na za mashine za posho za Awasi miaka thelathini, na wewe hata kubana chuma kwenye vaisi kikakaa sawa hujui.

Kosa nililianza mimi. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, hapandi mbegu kabla yake, hajengi kabla yake, nami nikaipeleka mila hiyo karakanani. Debra alikuwa amepiga tupa mwaka mzima, anapima chuma mpaka unene wa unywele, lakini nikamkataza kugusa mashine mpaka kaka yake aanze. Wewe ulikuwa na wiki tatu tu, unakuja umechelewa, simu sikioni. Nikakufundisha jambo moja kabla ya yote: ukishakaza bolti inayoshika kisu, toa spana juu ya kichwa cha mashine, ndipo mkono uende kwenye swichi. Ukaiacha. Ukawasha. Spana ikaruka, ikamkuta dada yako amesimama akingoja zamu yake, ikamtoa jicho.

Na ukasema ni yeye aliyeiweka pale. Amelala hospitali, uso umefungwa bendeji, nawe unasema hivyo mbele ya watu. Nikampiga marufuku kuingia karakanani miezi minane. Akarudi kwa ubishi wake, akajifunza upya kukadiria umbali kwa jicho moja, na leo wenye boti wanamuuliza yeye.

Usilie, Sydney, unanichosha. Mashine ni ya Debra, karakana ni ya Debra. Futa jina lako kabla sijazikwa. Ukitaka kazi, anza na tupa na ufagio, na swichi utaigusa siku dada yako atakapokubali, hata kama ni miaka kumi. Dorca, wazee wakileta habari za kifungua mimba, waambie nimeivunja mila mwenyewe, nikiwa na akili zangu.

Nipe maji. Basi, inatosha.

Mungu awape mikono mizima, na... na ulimi wa kusema kweli, ambao mimi sikuwa nao. Oyugi, fundi wangu, alikuwapo siku ile. Jioni hiyohiyo aliniambia nani aliacha spana. Nilijua, Debra. Miezi yote minane nilijua, nikamlinda huyu kwa sababu ndiye mkubwa. Zunguka upande huu, mama, uniangalie kwa lile lililobaki. Naomba... unaweza kukataa. Naomba unisamehe.