Mzee Mvuto na Vichungi Vyake Ishirini na Viwili

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mzee Mvuto anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja katika Idara ya Vichungi ya kiwanda chetu cha sigara. Siku hizo kumi na moja amezihesabu mwenyewe. Aliyezisahau kwenye rasimu ya kwanza ya wasifu huu alirudishiwa karatasi ikiwa na duara jekundu. Aliyezisahau ni mimi, msaidizi wake wa ukaguzi kwa miaka kumi na sita.

Kwa ndugu na jamaa ambao hawajawahi kuingia ndani kwetu, kichungi ni ile ncha laini ya sigara inayokaa mdomoni. Huanza kama robota la nyuzi nyeupe za plastiki, kubwa kuliko kabati la nguo. Nyuzi hunyooshwa, hutawanywa kwa upepo, hunyunyiziwa dawa ya kuzigandisha, huviringishiwa karatasi, kisha kisu hukata vijiti, na kila kijiti hutoa vichungi sita. Kazi ya Mzee ilikuwa kuamua nyuzi ziwe ngapi, zibanwe kiasi gani, na hewa ipite kwa ugumu gani. Ugumu huo ndio tunaouita mvuto. Hupimwa kwa bomba la kioo lenye maji: hewa ikivutwa kwenye kijiti, maji hupanda, nawe unasoma yamepanda milimita ngapi. Jina lake limetoka hapo. Mkewe alipolisikia kwa mara ya kwanza alitaka kujua limetolewa na mwanamke gani.

Aliingia kiwandani akiwa mbeba marobota. Mwezi wa tatu, bomba la kioo lilivunjika katikati ya zamu, na mkaguzi wa siku hizo akaanza kutembea huku na huko ameshika kichwa. Mzee, wakati huo kijana mwembamba mwenye toroli, alichukua kijiti kwenye trei, akakiweka mdomoni, akavuta hewa tupu bila moto, akasema kimezidi kubanwa. Wakacheka. Bomba jipya lilipofika kesho yake, kijiti kilikuwa kimezidi kubanwa. Wakaacha kucheka, wakampa koti jeupe, na toroli akaachiwa mwingine.

Tangu hapo mdomo wake umekuwa kipimo cha pili cha kiwanda, na wengi wetu tungeapa ni cha kwanza. Ila hajawahi kuvuta sigara hata moja maishani. Ukimwuliza sababu atakwambia anazijua kwa ndani. Na kila aliyemwuliza kama kichungi kinaifanya sigara isiwe na madhara alijibiwa vilevile, awe mgeni wa heshima au mfagizi: kichungi kinakuzuia usile tumbaku, zaidi ya hapo usijidanganye. Idara ya mauzo ilimwomba mara kadhaa asipokee wageni.

Tatizo la mdomo wa namna ile ni kwamba hauzimwi mtu akitoka kazini. Mzee huvuta hewa kwenye kila chenye tundu. Kalamu zetu zote zimepita hapo, na kipande cha bomba la bustani pia. Siku ya harusi ya bintiye, soda zilipoletwa meza ya wazazi, alivuta mrija wake, akavuta wa mkewe, akavuta wa baba wa bwana harusi, kisha akamwita mhudumu na kumweleza kwa upole kwamba mirija ile haikutoka kwenye mashine moja. Pakiti nzima ikarudishwa jikoni. Bwana harusi alikunywa soda yake kwa glasi, na ndoa, tunashukuru, inaendelea vizuri.

Halafu kuna habari ya mto. Mwaka wake wa nane kazini aliomba nyuzi zilizokataliwa, akaruhusiwa, na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akazishonea mto wa zawadi kwa mama yake mzazi. Mto ulikuwa laini ajabu. Kumbe nyuzi zilikuwa zimekwisha kunyunyiziwa dawa ya kugandisha, na dawa ile huchukua saa chache kufanya kazi yake. Mama mkwe akajilaza baada ya chakula cha mchana. Alipoamka alasiri, mto ulikuwa umekauka kama tofali, na katikati yake kuna umbo kamili la sikio lake la kushoto. Mzee mwenyewe ametusimulia kwamba jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuomba radhi, ni kuubonyeza kwa kidole gumba na kusema umeganda vizuri. Alikaa miezi saba bila kukaribishwa ukweni.

Lakini mtu hapimwi kwa mito. Mzee alikuwa mbunifu, na alikuwa na hamu moja tu: kichungi alichokibuni yeye, toka mwanzo hadi mwisho, kitengenezwe na mtambo wetu kabla hajastaafu. Vichungi vyote tulivyovitengeneza miaka hii ni vya watu wa makao makuu. Yeye alivirekebisha, alivikagua, alivitetea, ila havikuwa vyake. Vyake vilikuwa ishirini na viwili, na kila kimoja kilipaswa kupita mbele ya jopo la wavutaji, yaani wafanyakazi sita wanaokaa chumba chenye dirisha moja, wanavuta, wanapiga kura. Mimi ni mmoja wao, nasema bila kujisifu. Vichungi kumi na vinne vilinikuta kwenye jopo. Kumi na vitatu nilivipigia kura ya hapana.

Najitetea. Kichungi namba tisa kilikuwa na mfereji mwembamba katikati, wa kupoza moshi. Moshi ulipoa kweli, lakini kila aliyevuta alipiga mluzi. Tulikaa watu sita na nyuso za kazi, tunalia kama birika sita, na mlinzi alikuja mbio akidhani ni king'ora. Namba kumi na mbili kilikuwa na chembe za mkaa katikati ya nyuzi. Wazo zuri, ila mashine ndogo ya majaribio ilizimwaga chembe upande wa mdomoni, tukatoka na meno meusi dakika kumi kabla ya kupigwa picha na wageni. Picha hiyo iko ukutani kwenye korido. Sote tumefumba midomo isipokuwa mtunza stoo, ambaye hakuna aliyemwambia.

Namba kumi na saba ndicho kilichochuja kuliko vyote. Mtunza stoo huyohuyo alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakikuja kitu. Akakiweka chini, akasema amechoka kuhangaika, na tangu siku hiyo hajagusa sigara. Mkewe alituletea keki. Mzee aliandika "Hapana" na tarehe kwenye daftari lake la jalada gumu, kama alivyofanya kwa vyote, kisha akala keki. Alikuwa hanuni zaidi ya muda wa kikombe kimoja cha chai, na kesho yake alikuwa anachora kingine.

Kichungi cha ishirini na mbili kilianza kwenye mtaro. Miaka mitatu iliyopita, akitembea kutoka kituo cha basi hadi getini, Mzee aliona vipisi vimejaa kwenye mtaro wa barabara, akainama, akaokota kimoja, akakigeuza. Alikitambua. Kilikuwa cha mtambo wa pili, karatasi ya zamani ambayo tuliacha kuitumia miaka sita kabla. Miaka sita ya jua na mvua, na nyuzi zake bado nyeupe ndani. Aliingia ofisini nacho, akakiweka juu ya meza yangu, akakaa. Nilidhani atafurahi kwamba kazi yake inadumu. Siku ile hakufanya mzaha hata mmoja, na mimi, nakiri, niliogopa.

Akaanza kutengeneza kichungi cha karatasi tupu: karatasi laini iliyokunjwa mikunjo midogo midogo, ikasokotwa, ikaviringishwa, bila uzi hata mmoja wa plastiki. Akachukua makopo kumi na mawili ya maua ya mkewe, akazika vichungi vya zamani kwenye sita na vya karatasi kwenye sita, akachomeka vibao vyenye tarehe. Baraza ya nyumba yao ikawa makaburi madogo yenye maua. Mkewe alimwambia kwamba akifa kabla yake, asitegemee kibao kizuri kuliko vile. Miezi minne baadaye walifukua pamoja. Vya zamani vilitoka vizima, unasuuza tu. Vya karatasi walivitafuta kwenye udongo kwa kijiko na hawakuvipata.

Mwezi uliopita kilikuja mbele ya jopo. Hakikupiga mluzi. Hakikumpaka mtu rangi. Tulivuta, tukatazamana, na kura zote sita zikawa ndiyo, yangu ikiwemo. Mzee alifungua daftari lake, akakaa muda na kalamu hewani, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea neno moja. Makao makuu wakaidhinisha. Jumatano ya wiki hii, siku mbili kabla ya kustaafu, mtambo wa pili ukafungwa karatasi, na Dada Spana, mwendeshaji wetu, akabonyeza kitufe.

Vijiti vikatoka vyeupe, vimenyooka, tukapiga makofi. Mzee alichukua kimoja, akakivuta, na makofi yakaisha yenyewe maana tulimwona uso. Alisema kumi na mbili chini. Tukakipeleka kwenye bomba. Mvuto unaotakiwa ni milimita mia tatu na sitini; kanuni yetu inaruhusu kumi juu na kumi chini. Bomba likasoma mia tatu arobaini na nane. Yaani kilikosa milimita mbili, na kanuni hiyo iliandikwa na Mzee mwenyewe.

Kila mtu alitaka kusamehe. Dada Spana alisema mtambo ukipata moto utajirekebisha, jambo ambalo hata yeye haliamini. Meneja aliitwa, akaja, akachukua muhuri wa kupitisha mzigo mezani kwa Mzee, akamshika bega na kumwambia kwamba milimita mbili za maji hata samaki hawazioni. Mzee alitutazama mmoja mmoja.

"Kingekuwa cha mtu mwingine ningekirudisha," alisema. "Basi nakirudisha."

Akazima mtambo kwa mkono wake. Alhamisi nzima yeye, fundi mitambo na Dada Spana walikuwa wamelala chini ya roli za kukunja karatasi, wakibana hapa, wakilegeza pale. Jioni bomba likasoma mia tatu arobaini na tisa. Mzee alinawa mikono, akanipa daftari na muhuri, akanitakia jioni njema, akaenda nyumbani.

Sasa niseme lililotokea. Meneja alinipigia simu Alhamisi hiyo, akaniambia kuanzia Ijumaa asubuhi mkaguzi ni wewe, na anayegonga muhuri ni wewe. Tukakubaliana nikipitishe kichungi, iwe zawadi ya kumshangaza Mzee. Rasimu ya wasifu huu ilikuwa na aya nzima hapa inayotangaza, kwa furaha na kwa herufi kubwa, kwamba kichungi namba ishirini na mbili kimepita. Nilikuwa nimeiandika vizuri. Saa mbili asubuhi ya leo niliingia chumba cha vichungi peke yangu, nikapaka muhuri wino, nikachukua kijiti kwenye trei ili tu nisiseme sikukagua, nikakivuta. Nikachukua cha pili. Nikachukua cha saba. Kisha nikaufuta muhuri kwa kitambaa, nikaurudisha kwenye droo, nikaja hapa kuifuta ile aya.

Mzee wetu, hakijapita. Najua hii si zawadi uliyostahili, na imeniuma kuliko kura zote kumi na tatu. Lakini nilikivuta kwa mdomo huu ulioufundisha miaka kumi na sita, na mdomo umekataa kudanganya. Wewe ndiye wa kulaumiwa.

Asante kwa koti ulilolivaa kwa heshima, kwa kalamu zetu ulizozikagua bila kuombwa, na kwa kuinama kwenye ule mtaro wakati sisi wote tulikuwa tunauruka. Shukrani nyingi kwa mama, fundi cherehani, kwa kutuazima mume na makopo ya maua. Tunawaombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na baraza yenye maua matupu. Jumatatu saa mbili mimi, fundi na Dada Spana tunafungua zile roli. Nenda kapumzike, Mzee. Umetubakizia milimita moja tu ya kazi, na hiyo tuachie sisi.