Siku Kumi na Nane za Kicheko

Nyumba ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, lakini baraza lake likasahauliwa. Mpaka leo liko palepale Kimara, saruji ndefu isiyo na ukuta wala mlango nyuma yake, na kila alasiri Hija hutua hapo birika lake la kahawa na sahani ya kashata, wanakijiwe wakaja. Anwar, fundi simu, huitwa Profesa, kwa sababu alichokisoma asubuhi kwenye simu ya mteja, jioni huwa somo. Mzee Sebastian, karani mstaafu, huitwa Muhuri: husikiliza ubishi wote bila kutabasamu, mwisho hutikisa kichwa mara moja, kesi imefungwa. Ubavuni mwake hukaa shemeji yake Gibson, mtu wa maneno machache, anayeitwa Kalenda kwa kuwa hasahau tarehe. Jumamosi hiyo walikuwa wanamsubiri Rabab wa duka la dawa aje na mashine ya kupima presha. Walitaka ushahidi. Ilikuwa siku ya kumi na nane Mzee Muhuri hajameza kidonge chake cha presha, na siku zote hizo alikuwa anacheka.

— Leo ndo leo, alisema Anwar. Asemaye kesho, presha yake iko juu.

Mzee Sebastian aliangua kicheko. Mabega yalimruka, kahawa ikammwagikia mapajani.

— Mnaona hiyo? alidakia Anwar. Hapo mishipa ya damu inatanuka. Nimesoma mie. Mtu akicheka mishipa inafunguka kama barabara hii, njia mbili zinakuwa nane.

— Kwa hiyo kuna watu watabomolewa humo ndani? aliuliza Hija.

— Mficha uchi hazai, Hija. Usibishane na sayansi.

— Nibishane wapi? Mie ndo shahidi namba moja. Nani alikuwepo makaburini?

Wote walikuwepo, lakini Hija akasimulia upya. Baba yake mdogo alizikwa Jumanne ya tarehe nne. Maiti inashushwa, watu kimya, shehe yuko katikati ya dua, mara Mzee Sebastian akacheka. Alicheka mpaka akashikilia mti. Watu waliduwaa, wengine wakaangalia chini kwa aibu. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba marehemu ni Mzaramo na anayecheka ni Mnyamwezi.

— Mtani! Hija alijipiga paja. Nikawaambia mwacheni, huyo mtani wetu, yuko kazini! Basi kaburi zima likacheka. Mama mdogo aliposimuliwa nyumbani, akacheka na machozi yake palepale. Siku ile presha ya ukoo wetu wote ilishuka, na hatukupima.

— Ndo tunapima leo.

Gibson alikuwa anazungusha kikombe mkononi, hanywi. Dada yake Jovina, mke wa Sebastian, alipokuwa anakata roho miaka sita iliyopita, alimwachia neno moja: vidonge vya mume wangu, saa moja jioni, usimwachie mwenyewe. Kwa miaka sita Gibson alivuka uchochoro kila saa moja, akasimama mpaka aone koo la shemeji yake limemeza. Jioni ya Jumanne ile ya mazishi alimkuta amekaa kitandani anacheka peke yake. Ukiacha kicheko cha makaburini, hakuwa amemsikia akicheka tangu wamzike Jovina. Gibson alisimama mlangoni, amejaa furaha, na maneno ya Anwar kuhusu kucheka na presha yalikuwa bado ya moto masikioni.

— Shemeji, alisema, tuvipumzishe hivi vidonge kidogo.

Akavitia kwenye droo kwa mkono wake. Kijiweni hakusema. Kijiwe kiliamini mzee kaacha mwenyewe, na kikamsifu kwa ushujaa.

— Dakika kumi za kucheka, Anwar aliendelea, ni sawasawa na kukimbia kutoka hapa mpaka Mbezi Luis.

— Kwenda tu, au na kurudi?

— Inategemea umechekea tumboni au umechekea meno.

— Basi shangazi yangu wa Kibamba kashafika Morogoro. Yule anachekaga mpaka jiko linazimika. Na sukari yake imeisha kabisa.

— Imeisha ya ugonjwa au ya chai?

— Zote mbili.

Mzee Sebastian alicheka tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka mate yakamshuka upande mmoja wa mdomo. Gibson alitoa leso yake akamfuta, kama alivyokuwa akifanya wiki yote.

— Haba na haba hujaza kibaba, mzee wangu! Hija alimshangilia. Cheka kidogo kidogo mpaka presha ijae!

— Ijae tena?

— Ijae kwa chini, Profesa, usinishike maneno.

— Mie nasema hivi. Bima ingekuwa inalipa wachekeshaji, wodi zingebaki tupu. Mgonjwa anaingia kalala kwenye machela, anapigwa hadithi mbili, anatoka kaibeba machela begani.

— Halafu mtu wa kucheka hafi kirahisi. Malaika anakuja kuchukua roho, anakuta mtu anakenua, anaona aibu, anadhani kakosea nyumba.

— Na ndo maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukimsifu anayecheka, anacheka mpaka anatoa machozi. Yale maji siyo machozi, ni presha inatoka.

— Wallahi umeongea! Mwangalie, imemjaa mashavuni!

Kweli uso wa Mzee Sebastian ulikuwa umelowa. Gibson alikunja leso, akatafuta sehemu iliyo kavu.

Hapo Rabab akatokea, ameshika kimkoba cha mashine. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile la dawa, na wazee wote pale walimjua tangu anavaa sare ya shule.

— Shikamoo, Mzee Sebastian. Shikamoo, Mzee Gibson.

— Marahaba, alijibu Gibson.

Mzee Sebastian alifungua mdomo aitikie, kikatoka kicheko. Hija akapangusa baraza kwa kitambaa cha vikombe.

— Karibu, dokta. Kaa hapa. Nikumiminie?

— Ahsante, kaka Hija, si leo.

Hakukaa. Alisimama mbele ya mzee akimtazama mpaka kicheko kikapungua, kikakatika, kikaanza tena chenyewe.

— Hapa kuna mtu kasema kitu cha kuchekesha?

— Sasa hivi? Hapana, alisema Anwar. Mada ilikuwa ya kisayansi.

Rabab akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mzee.

— Baba, unacheka nini?

Hija alitazama birika lake. Siku kumi na nane walikuwa wamecheka naye, wamemnunulia kahawa acheke zaidi, wamewaita wapita njia waje wamsikie. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

— Anacheka tu, dokta, Hija alijaribu. Afya.

— Nimemuuliza mwenyewe.

Mzee Sebastian aliinua mkono wa kushoto akajiziba mdomo. Sauti ilipita chini ya vidole vipande vipande.

— Sijui, binti. Ha, ha… Hakuna kinachonichekesha. Nasali, nacheka. Nakumbuka mke wangu… ha, ha… nacheka. Hiki kicheko si changu. Nisaidieni kinyamaze.

Birika lilikuwa linatokota. Hija akaliepua.

— Kwa nini hukutuambia? Anwar aliuliza.

— Mlikuwa mnafurahi sana.

Rabab alimwomba mzee anyanyue mikono yote miwili mbele yake, afumbe macho. Wa kushoto ulibaki hewani. Wa kulia ulishuka taratibu, ukatua pajani kama kitu cha mtu mwingine. Akamfunga mashine. Ilivuta, ikapumua, ikalia. Wote walinyoosha shingo.

— Imeshuka? aliuliza Hija.

— Mia mbili na kumi na nane.

— Hiyo ya juu?

— Anwar, bajaji. Kimbia!

Anwar alitimka na ndala moja. Rabab aligeuka.

— Kabla hajaanza kucheka, kulitokea kitu?

Hija alibetua mabega. Gibson ndiye aliyejibu, na alisikia jibu lake likitoka limepangwa vizuri, kana kwamba lilikuwa likingoja kuitwa.

— Jumapili ya tarehe mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alianguka bafuni. Chai ilimtoka upande wa kulia wa mdomo. Mchana akasema yuko sawa. Jumanne ndiyo akaanza kucheka.

— Mzee Gibson… alisema Rabab. Mie si daktari, daktari atasema. Lakini hicho ni kiharusi. Kilikuwa kidogo. Kinaweza kumwachia mtu kicheko asichokitaka, mwingine kinamwachia kilio. Cha pili kikija, hakiji kidogo. Dawa zake anameza?

Hija akaanza kupanga vikombe.

— Nimeuliza, anameza?

— Kaacha, alisema Hija kwa sauti ya chini. Tangu siku ya msiba.

— Nani alimwambia aache?

— Mie nauzaga kahawa tu, dada yangu. Profesa ndo alisema kucheka kunashusha…

Bajaji ilikuwa imefika, Anwar amening'inia ubavuni.

— Nilisema kunasaidia! Mie nimesema mtu aache dawa? Nimesema lini?

— Nani? Rabab alirudia. Hospitali wataniuliza.

Mzee Sebastian alikuwa amemtazama Gibson. Mdomo wake ulikuwa unacheka, macho hayakuwa yanacheka.

— Mwenyewe, alisema. Ha, ha… niliacha mwenyewe, binti. Uzee.

Hija akashusha pumzi. Anwar akaitikia kwa kichwa, haraka haraka: ndiyo, mwenyewe, si mmesikia? Njia ilikuwa wazi, na Gibson alijua akinyamaza hakuna mtu duniani angekuja kuuliza tena. Vidonge vilikuwa kwenye droo ya juu, nyuma ya tasbihi ya Jovina.

— Si kweli, alisema. Ni mie. Nilimwambia mie, nikaviweka mie.

Hija aliacha kitambaa kikaanguka. Rabab hakumgombeza, ingawa Gibson alingoja kugombezwa.

— Basi panda, alisema. Utawaeleza wewe.

Walimkalisha mzee katikati. Rabab alimshika mkono ulio hai, Gibson akaushika ule mwingine, mzito, wa baridi, akaukumbatia kifuani. Bajaji ilipofika kituoni ilibanwa na magari ikasimama, na hapohapo kicheko kikaanza upya, kikubwa kuliko vyote, kikajaza turubai. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi alitabasamu, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. Wa nyuma yake akacheka kwa kumwona yeye anacheka, na wa nyuma yake tena, mpaka foleni nzima ikawa inacheka na kupunga mikono.

— Wazee mna raha nyie! mmoja alipaza sauti. Mnaenda wapi, tuje?