Chaza Waliosahau Bahari

Mgeni rasmi, meneja wetu, na wageni wote mliovumilia jua,

Sisi wafanyakazi wa kituo cha kuzalisha chaza tunawakaribisha kwa mikono miwili. Mtusamehe, imelowa.

Tulikotoka

Mto ulipoanza kumwaga maji mengi kuliko zamani, chumvi ilipungua mlangoni mwake, na chaza wakafa kwa maelfu. Tukaagizwa tuzalishe wenye kuvumilia. Kila kizazi tuliwapunguzia chumvi kidogo. Waliokufa tuliwafukia, waliobaki tuliwafungisha ndoa wao kwa wao. Uvumilivu huo umo katika vinasaba. Mtoto huurithi kama anavyorithi pua ya babu yake.

Mafanikio

Kizazi cha tisa kinaishi katika maji yanayofaa kuchemshia chai. Mama Beseni, mhudumu wao tangu mwanzo, huyaonja kila asubuhi, kwani kipima chumvi kiliharibika. Ulimi wake umesajiliwa kuwa kifaa cha ofisi.

Changamoto

Mgeni rasmi, ratiba inasema leo utawamwaga chaza mia sita katikati ya bahari, mahali ambapo picha zitatoka vizuri. Mwezi uliopita tuliwajaribu arobaini kwenye maji ya bahari. Walifunga makombe, wakanuna siku tisa kama mashemeji waliosusa harusi, kisha wakafa wote. Mama Beseni alimwendea meneja.

"Bosi, bahari itawaua."

"Chaza ni kiumbe wa bahari."

"Hawa hawaijui."

"Watazoea. Ratiba imeshachapwa."

Mgeni rasmi, kuzoea kuliwachukua vizazi tisa. Leo wametengewa dakika kumi, pamoja na makofi.

Changamoto nyingine ni choo, ila hicho kinaweza kusubiri.

Maombi

Tunaomba uwamwage mlangoni mwa mto, hatua mia mbili kutoka hapa. Pana tope, na picha hazitapendeza. Tunakuomba radhi mapema, kwa sababu wakati risala hii inasomwa wenzetu wanahamishia mabeseni ya chaza huko. Meneja wetu analisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, sawa na wewe. Tunamwomba aendelee kukaa. Akiuliza nani aliamua, tuliamua sote.

Mama Beseni ameshaingia majini hadi magotini. Anakusubiri wewe tu.

Mungu akupe afya, akuzidishie busara, na akukaushie viatu upesi.

Ni sisi,
Wafanyakazi Kumi na Mmoja wa Kituo cha Chaza