Vibao 318 vya Mama Daforoza

Na Anakleti Rwasibo, fundi mkuu wa karakana

Jumamosi tarehe 18 Januari mwaka huu, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, vibao 318 viling'olewa kwenye korido ya Wodi ya Tatu ya Hospitali ya Rugazora, vikapakiwa kwenye toroli la taka na kupelekwa pasipojulikana. Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, mwanamke aliyevianzisha anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa na miezi mitatu ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la Jumatatu: maneno mia mbili, ya kuchangamsha. Kuchangamsha nitajitahidi. Hayo mia mbili siahidi.

Anaitwa Daforoza Mukarubuga. Jalada lake la utumishi nimelisoma lote na chai yangu haikupoa. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1996, dobi. Mwaka 2004, dobi mwandamizi. Mwaka 2016, msimamizi wa madobi. Onyo moja la maandishi, la Septemba 1999, kwa kosa la "kuingiza samadi katika jengo la tiba". Basi, limekwisha. Mgeni akilisoma atadhani tunamuaga mtu aliyefua shuka miaka ishirini na tisa na siku moja tu akapitiwa.

Kufua kweli alifua. Shuka 140 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka 29: ni shuka milioni moja, laki mbili na kumi na nane elfu, na sijahesabu mapazia. Alizifua kwa zamu, kwa mgao wa maji, na kwa sabuni iliyokuwa ikiisha kila tarehe ishirini. Mara moja tu aliharibu. Mwaka 2011 gunia la udongo mwekundu lilipasukia ndani ya pipa la kulowekea, na wodi ya upasuaji ililala kwenye shuka za waridi kwa wiki tano. Daktari mmoja alilalamika kwamba hawezi tena kutofautisha damu na shuka. Mama Daforoza akamjibu, "Daktari, mgonjwa akitokwa damu atakwambia mwenyewe. Wewe muulize tu."

Ule udongo mwekundu ulifuata nini kwenye chumba cha dobi? Hapo ndipo jalada linaponyamaza, na mimi naanzia hapo.

Aprili 1999 mashine ya kukamulia nguo ilimvuta mkono wa kushoto hadi kiwiko. Mifupa iliunga, vidole vikakataa kufunga. Akapewa mpira mdogo aufinye mara mia mbili kwa siku. Baada ya wiki tatu aliurudisha kwa muuguzi. "Dada, huu mpe mtoto acheze. Mkono wangu unataka kazi."

Kazi aliipata nyumbani kwake. Kwenye vilima vyetu huku, kuta za ndani hupambwa kwa imigongo: kinyesi cha ndama kilichopondwa na majivu, kikavutwa kwa vidole kuwa matuta membamba, kikakauka, kikasuguliwa kwa jiwe, kisha kikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, hiyo ya udongo. Bibi yake alimfundisha akiwa na miaka saba. Ukuta wa chumbani ulikuwa umebanduka, na kwa kuwa mkono mzima ulikuwa umembeba mtoto wa dada yake, akavuta matuta kwa ule mbovu. Siku ya arobaini kidole cha shahada kiligusa kiganja. Muuguzi alipima mara tatu, akidhani rula ndiyo imekosea.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akarudi kwenye shuka zake. Yeye Jumatano iliyofuata aliingia Wodi ya Tatu na beseni la samadi, amelifunika kwa shuka ya hospitali, akaliweka katikati ya wagonjwa wa mikono. Ndipo likatoka lile onyo. Jumatano ya pili akarudi na beseni. Mkurugenzi wa siku zile, mtawa mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, alishuka mwenyewe kuja kumfukuza. Alisimama pale kitambo, akakunja mkono wa kanzu, akatia vidole. Alipomaliza kunawa alisema, "Onyo libaki. Na beseni libaki."

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Kila mgonjwa wa mkono aliyelazwa anatengeneza vibao viwili vya imigongo, sentimita thelathini kwa thelathini. Cha kwanza anakitengeneza Jumatano yake ya kwanza, cha pili siku anayoaga. Hakuna kusaidiwa, hakuna kunyooshewa. Vinatundikwa sambamba kwenye korido, na hapo ndipo nusu ya dawa ilipokuwa. Mgonjwa mpya alipita akiwa ameuficha mkono kwapani, akasimama, akatafuta mpaka akapata kibao cha kwanza kibaya kuliko alichotengeneza yeye. Akauliza, "Na huyu alipona?" Mama Daforoza hakugeuka hata kichwa. "Cha pili kiko hapo kando yake. Una macho."

Najua kwa sababu niliuliza swali hilohilo. Mwaka 2007 nilikuwa kibarua wa kubeba matofali ya jengo jipya. Nilisoma mpaka darasa la tano. Mtaji wangu wote ulikuwa mkono wa kulia. Msumeno wa mviringo ukachukua vidole viwili na wa tatu ukabaki mgumu kama mti. Mama Daforoza akaja na beseni.

"Fundi, weka kidole."

"Mimi si fundi, mama. Mimi ni kibarua."

"Basi kibarua, weka kidole."

Jozi yangu ni namba 57. Kibao cha kwanza kilifanana na mahali mbuzi walipopigana. Cha pili kina tuta moja lililonyooka, sentimita kumi na moja, nililipima. Tangu mwaka ule vibao vyote vya plaiwudi vimekatwa na mimi, na leo nina watu sita chini yangu. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili mjue kwamba anayewaandikia hajui habari hizi kwa kuhadithiwa.

Jozi zilizokamilika zilikuwa 151, yaani vibao 302. Vilivyobaki kumi na sita vilikuwa pekee: wenyewe waliondoka kabla ya siku yao, au hawakuondoka wakiwa hai, na mmoja alikuwa bado kwenye tiba. Kando ya kila kimoja Mama Daforoza alinitaka nipige msumari mtupu. Nilimwambia misumari si ya kuchezea. Akasema, "Piga, Anakleti, acha maneno." Mwaka 2019 alikuja mwanamke mmoja, Konsesa, aliyetoroka wodini miaka sita nyuma kwa sababu ya mavuno. Hakuja kutibiwa. Alikuja na kibao chake cha pili ndani ya kanga, akauliza msumari wake uko wapi. Tangu siku hiyo sijabishana kuhusu misumari.

Sasa tufike Januari. Wakaguzi wa ubora walitarajiwa Jumatatu tarehe 20. Jumamosi ile mimi nilitumwa mjini kufuata mbao, na Mama Daforoza alikuwa kwenye harusi. Tuliporudi, korido ilikuwa nyeupe kama shati la mwanafunzi. Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Daktari Ruzindaza, ambaye namheshimu na ambaye alinipokea vizuri.

"Fundi, hospitali haiwezi kuwa na kinyesi ukutani. Ni suala la usafi."

"Na vile vibao vinane vipya pale mapokezi, Daktari?"

"Vile ni sanaa. Vimenunuliwa kwa wasanii."

"Vimetengenezwa na nini?"

"Fundi, usinitie maneno mdomoni."

Sikumtia. Vile vinane navyo vilitoka kwa ng'ombe, kwa njia ileile. Tofauti ni kwamba matuta yake yamenyooka. Wakaguzi walikaa Wodi ya Tatu dakika ishirini na tano, wakakagua masinki, hawakuuliza lolote kuhusu kuta.

Nilidhani Mama Daforoza angewaka. Alikwenda mapokezi, akavaa miwani, akavitazama vile vinane kimoja kimoja. "Huyu ana mikono mizuri," akasema. "Angalia pembe hii alivyoikata. Hongera zake." Mimi nimejaa hasira mpaka puani, yeye anatoa hongera. Kisha akavua miwani. "Lakini mgonjwa akivitazama, mkono atautia mfukoni."

Na ndivyo wanavyofanya. Daktari Ruzindaza anapenda takwimu, basi hizi hapa, za daftari la tiba ya viungo, kila mtu anaweza kulifungua. Februari hadi Aprili mwaka jana wagonjwa wa mikono, wa kulazwa na wa kutokea nyumbani, walikuwa ishirini na watatu. Walioacha kuja ni watatu. Miezi hiyohiyo mwaka huu, kwa bahati, ni ishirini na watatu vilevile. Walioacha ni kumi na mmoja. Beseni ni lile, mama ni yule, Jumatano ni zilezile. Kilichopungua ni ukuta.

Vibao nimevipata. Tarehe 22 Aprili niliitwa kurekebisha kufuli la chumba cha jenereta ya zamani, navyo vimo humo, vimerundikwa chini ya bati linalovuja. Nilivihesabu: 318, hakuna kilichopotea njiani. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa samadi na majivu hakipatani na masika. Arobaini na kimoja vimevimba; hivyo nitaviokoa. Tisa vimemumunyuka kabisa. Cha kwanza cha jozi namba 57 ni kimojawapo. Sikililii, kilikuwa kibaya. Ila kile cha pili bila cha kwanza kimebaki pambo tu, hakimwambii mtu lolote. Taarifa ya bati nimeipeleka kwa maandishi mara mbili, tarehe 22 Aprili na tarehe 6 Mei. Bati linavuja hadi naandika, na ufunguo wa chumba uko ofisini kwa Daktari Ruzindaza.

Kuna mmoja wa kutajwa, maana yeye yuko katikati ya mambo haya. Mwalimu Sitefano Gasamagera aliletwa Desemba, kiharusi kimemlaza mkono wa kuandikia. Jumatano yake ya kwanza alikaa mbali na beseni.

"Mama, nimefundisha hesabu miaka thelathini. Sishiki mavi."

"Ng'ombe ameshakusamehe, Mwalimu. Weka kidole."

Kibao chake cha kwanza kilitundikwa siku kumi na saba kabla ya ile Jumamosi, naye ndiye wa kumi na sita kati ya wale wa msumari mtupu. Hakuacha kuja. Jumatano iliyopita alimaliza cha pili: matuta tisa, na anayaita kwa namba. Akanitazama mimi, si Mama Daforoza. "Fundi, nitakitundika wapi? Kwenye kufuli?" Kiko dirishani mwa karakana, kinakauka.

Nimekwisha kusema mengi, na kamati itaniambia hivyo. Basi niseme na la kushukuru. Mama Daforoza, watumishi wenzako wa Rugazora tunakushukuru kwa shuka zote milioni moja na ushee, pamoja na zile za waridi. Tunakushukuru kwa kila asubuhi ya Jumatano uliyokuja na beseni kichwani wakati wengine wakishika pua. Wapo waliorudi kulima, kushona, kusuka nywele, kuandika ubaoni, na mmoja anakata mbao. Maneno yako ya juzi nimeyaweka moyoni: "Vibao vikirudi, nitakuja kila Jumatano, nguvu zikiwepo. Visiporudi, nitakaa nyumbani nilime maharage." Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na mikono isiyouma asubuhi. Maharage tunakuombea yalimwe na mtu mwingine.

Najua pia kamati imekuandalia zawadi, nami nasikitika kuharibu siri: ni kibao cha tisa, ndugu wa vile vinane, kimefungwa kwenye karatasi ya maua. Kipokee, ni kizuri, utakisifia pembe zake. Lakini hapa hakuna asiyejua zawadi uliyoiomba.

Kwa hiyo nageukia kwa Daktari Ruzindaza, hapa mbele ya wasomaji wote wa jarida, kwa kuwa ofisini nimeshakwenda mara nne. Misumari 334 bado ipo ukutani, imepakwa rangi nyeupe pamoja na ukuta. Hakuna aliyejisumbua kuing'oa. Vibao vya kutundika ni 309. Dakika nne kwa kimoja, makundi mawili ya watu wawili, ni saa kumi za kazi na dakika chache. Misumari ya vile tisa itabaki mitupu. Wenyewe tukiwa hai tutajua la kufanya. Nikianza Jumatano mchana, Alhamisi jioni nimemaliza, na Ijumaa Mama Daforoza ataaga akipita kwenye korido yake. Sihitaji bajeti, sihitaji kikao. Nahitaji ufunguo.

Jibu nalitaka kwa neno moja, ndiyo au hapana, Jumatano tarehe 28, kabla ya saa sita mchana. Saa sita na robo Mwalimu Sitefano atakuwa mlangoni pa karakana kuchukua kibao chake, nami ni lazima nimwambie akipeleke wapi.